Vitabu sita, karakana moja: shajara ya mradi wa kusoma

Jumapili, 5 Januari 2025

Nimeanza. Boksi lilikuwa chini ya kitanda tangu Septemba, kaka alipohama Sinza akaniachia vitabu vyake vya biashara. Ni kumi na kitu, vyote vya Kiingereza, viwili vimeonjwa na mchwa pembeni. Kimoja kilikuwa kinasawazisha mguu wa friji.

Kilichonisukuma ni kabati la milango mitatu. Mteja alilipa advansi Novemba, nikamwahidi kabla ya Krismasi. Limetoka juzi, tarehe 3. Alipokuja kulichukua hakugomba. Alisema tu, "Dada, ungeniambia ukweli tangu mwanzo ningesubiri." Afadhali angegomba.

Kwa wasioifahamu karakana yetu: tuko Keko, Dar es Salaam, mtaa ambao ukitembea dakika tano umeshapita vitanda vya kutosha mji mzima. Tuko saba pamoja na mimi. Kuna fundi mkuu aliyefanya kazi na marehemu baba, mafundi wawili wa mbao, mpiga vanishi na vijana wawili wa msasa. Wa kushona makochi tunamkodi.

Mradi ni huu. Nasoma vitabu sita vya uongozi na ubunifu mpaka baada ya Idi. Kila kitabu nachota jambo moja, moja tu, nalijaribu karakanani, naandika kwenye kaunta buku. Kipimo hakitakuwa idadi ya kurasa. Nitahesabu oda ngapi zimetoka siku niliyoahidi. Leo nimepitia vitabu vya risiti vya Oktoba mpaka Desemba: oda 34, zilizotoka kwa tarehe yake 8. Nimehesabu mara mbili nikidhani nimekosea.

Fundi mkuu aliponiona na kitabu saa ya chai alicheka. "Mwanangu, kitabu hakishiki randa."

Jumapili, 12 Januari

Kitabu cha kwanza: In Search of Excellence cha Peters na Waterman, 1982. Washauri wawili wa McKinsey, kampuni ya ushauri wa biashara, walichagua kampuni 43 za Marekani walizoziona bora, wakatafuta zinachofanana. Kinasomeka vizuri, kina visa vingi. Lakini kaka alikuwa amechomeka humo karatasi yenye mwandiko wake: mwaka 1984 jarida la BusinessWeek lilitoa habari kubwa ukurasa wa mbele kuonyesha kwamba kampuni kadhaa kati ya hizo zilikuwa tayari zimeyumba. Miaka miwili tu. Nimekaa nikijiuliza walikosea wapi watu wenye akili namna ile, na jibu langu la kiseremala ni kwamba walikwenda harusini kumuuliza bwana harusi siri ya ndoa kudumu. Ukiwachunguza walioshinda peke yao, kila walichokula asubuhi kitaonekana dawa. Aliyekula hichohicho akafilisika hukumhoji.

Jambo nililochota: kiongozi asikae ofisini, atembee kazini, aone kwa macho. Nimejaribu siku tatu, nikagundua kichekesho. Mimi sina ofisi. Karakana nzima naipita kwa hatua kumi na mbili. Natembea tangu saa mbili asubuhi mpaka jioni, na kutembea kwenyewe ndiyo tatizo. Alhamisi nilimpa kijana mmoja wa msasa kazi ya kuweka alama kila nikimsimamisha mtu. Kabla ya chakula cha mchana alama 19. Kati ya hizo 11 nilikuwa namtoa fundi kwenye kazi aliyoianza kumhamishia kwenye kazi ya mteja aliyetoka kunipigia simu kulalamika.

Yaani kila anayelalamika anaruka foleni, na aliye mpole anaongezewa siku. Sikuwa najua.

Jumapili, 19 Januari

Wiki ya umeme. Ulikatika Jumatatu, ukarudi, ukakatika. Mashine ya kuranda imelala, tumeranda kwa mkono mbao za vitanda viwili, mabega hayana hali. Kurasa nilizosoma: 14.

Jumapili, 2 Februari

Good to Great cha Jim Collins, 2001. Huyu alijitahidi kuukwepa mtego wa harusi. Alianza na kampuni 1,435, akachuja mpaka zikabaki 11 zilizotoka kwenye uwastani zikawa bora kwa muda mrefu, kisha akazilinganisha na nyingine za kazi ileile ambazo hazikufika. Njia hiyo naiheshimu zaidi. Hata hivyo kati ya 11 hizo, Circuit City, maduka ya vifaa vya umeme, iliomba kinga ya mufilisi mwaka 2008, mwaka uleule Fannie Mae, ya mikopo ya nyumba, ikachukuliwa na serikali ya Marekani isianguke, na 2016 ikafichuka kwamba wafanyakazi wa benki ya Wells Fargo walikuwa wamefungua akaunti kwa mamilioni bila wenyewe kujua, kwa sababu ya malengo ya mauzo waliyowekewa. Simlaumu mwandishi kwa yaliyotokea baadaye. Ila sasa nasoma kila sifa ya kampuni bora kama ninavyosikiliza sifa za fundi ambaye sijaona kazi yake ya mwaka jana.

Kipo kipande kimoja kilichoningʼangʼania. Anasema viongozi wa kampuni zile 11 hawakuwa wapiga makelele. Mambo yakienda vizuri walitazama nje ya dirisha kutafuta wa kumshukuru. Yakiharibika walitazama kioo. Mimi, kwa kweli, kioo na dirisha nilikuwa nimevibadilishana.

Basi jana kwenye kikao cha Jumamosi, kabla ya kugawa posho, nikasema: kabati la Krismasi limechelewa kwa kosa langu, nataka kusikia nilikosea wapi. Kimya. Mpiga vanishi akatazama viatu vyake. Fundi mkuu akakohoa akasema, "Haya, yamepita." Nilidhani ndiyo mwisho. Tulipokuwa tunafunga, kijana mdogo wa msasa, ana miezi minne tu hapa, akaniambia pembeni: "Bosi, klampu ziko nne. Kila siku unatuambia gundi imekauka, tufungue. Haijakauka."

Ni kweli. Nafungulisha klampu mapema zitumike kwenye kazi nyingine, kiungo kinaachia, tunarudia upya. Siku mbili zinaondoka kwa kuokoa saa tatu. Leo nimenunua klampu nne za mtumba, naona haya kwamba kitu hiki kimesemwa na mtoto, tena kwa kunongʼona.

Jumapili, 9 Februari

Nimeingia kwa Taiichi Ohno, yule mhandisi wa Toyota. Kitabu chake kilitoka Japani mwaka 1978, ndicho chembamba kuliko vyote kwenye boksi, na nitakaa nacho muda mrefu kuliko vyote. Ohno hajisifu uongozi wala hatoi maneno ya kubandika ukutani. Anazungumza kama fundi mkuu: kazi inasimama wapi, kitu kinarundikana wapi, nani anamsubiri nani.

Wazo lake kubwa anasema alilipata kwenye supamaketi za Marekani. Mteja anachukua anachohitaji rafuni, nafasi iliyobaki wazi ndiyo inayomwambia mwenye duka alete nini na kiasi gani. Akaligeuza hilo kuwa utaratibu wa kiwanda. Hatua ya nyuma haitengenezi kitu mpaka hatua ya mbele ichukue kilichopo, na taarifa inasafiri kwenye kadi. Wajapani wanaiita kanban. Nimeinua macho nikatazama karakana yangu: fremu tano za vitanda zimeegemezwa ukutani zikisubiri vanishi, mpiga vanishi ni mmoja, na mafundi wa mbao wanaanza ya sita kwa sababu nimewaambia wasikae bure.

Jumapili, 16 Februari

Leo naandika kirefu, maana wiki hii ndiyo mradi wenyewe.

Jumanne alirudi mteja wa Tabata. Kabati lake la mninga, mlango umepinda haufungi. Zamani ningemtuma fundi aende na randa, apunguze ukingo, yaishe. Safari hii nilijaribu maswali matano ya Ohno. Mfano wake ni mashine iliyosimama. Kwa nini? Fyuzi imeungua kwa kuzidiwa mzigo. Kwa nini? Beringi haikupata mafuta. Kwa nini? Pampu ya mafuta haivuti vizuri. Kwa nini? Ekseli ya pampu imelika. Kwa nini? Haina chujio, vumbi la chuma limeingia. Ukiishia swali la kwanza unabadilisha fyuzi, na wiki ijayo inaungua tena.

Tukakaa, mimi, fundi mkuu na mafundi wawili, juu ya mbao.

Mlango umepinda kwa nini? Mbao haikuwa imekauka. Hilo kila mtu alilijua.

Kwa nini tulitumia mbao mbichi? Ilinunuliwa Jumanne, Jumatano ikaingia kwenye randa.

Kwa nini haikununuliwa mapema ikakaa? Hela haikuwepo.

Hapo nikasema hapana, huyu mama alilipa advansi wiki tatu kabla, risiti ninayo. Hela yake ilikwenda wapi? Fundi mkuu akanitazama kwa huruma, kama unavyomtazama mtu anayetafuta miwani aliyoivaa. "Si ulinunulia sponji ya makochi ya yule mwalimu?"

Na kwa nini sponji ya mwalimu haikununuliwa kwa hela ya mwalimu? Kwa sababu hela ya mwalimu ilimalizia kitanda cha sita kwa sita cha mtu wa kabla yake.

Tukaendelea kurudi nyuma hivyo, oda kwa oda, mpaka risiti za Agosti. Kila mteja anambeba aliyemtangulia mgongoni. Mteja mpya akichelewa kuja, wote nyuma yake wanakwama, na mimi naanza kusema "njoo kesho, dada, bado vanishi tu," wakati mbao zenyewe ziko bado Buguruni kwa muuzaji. Watu wanasema fundi muongo. Ni kweli, lakini uongo wenyewe huanzia kwenye droo ya hela kabla haujafika mdomoni. Nachukua oda ambayo sina nafasi nayo kwa sababu nahitaji advansi yake kuziba pengo la oda niliyoichukua bila nafasi.

Fundi mkuu akanyamaza, kisha akasema, "Hata enzi za baba yako ilikuwa hivihivi."

Sikulijua hilo. Baba alikuwa akifunga karakana usiku anabaki ndani peke yake na taa, nasi tukidhani anamalizia kazi.

Jumamosi nilipiga hesabu ya shimo lote: advansi nilizokwishakula za kazi ambazo hazijaanza. Shilingi 2,350,000. Zamu yangu ya mchezo, upatu wetu wa kina mama, ilikuwa mwezi huu, nilipanga kununua mashine ndogo ya msasa. Imeingia shimoni yote na bado nimeongezea. Vitabu vya Marekani vinapofika kwenye mtaji vinazungumzia wawekezaji na soko la hisa. Kuhusu mchezo wa kina mama wanane hakuna sura.

Nilichofanya baada ya hapo: nimekata vibao sita vya plaiwudi, ukubwa wa kiganja, kila kimoja kina namba na bahasha imegongewa misumari. Oda ikiingia inachukua kibao, advansi inaingia kwenye bahasha ya kibao hicho, na haitoki isipokuwa kwa kazi hiyo. Kibao kinahamia ukutani kutoka mbao, kuunga, msasa, vanishi, mpaka mlangoni. Vibao vikiisha, oda hakuna. Mteja anaambiwa tarehe ya kibao kitakachofunguka.

Fundi mkuu anasema vibao vingetosha vinne. Nimeogopa.

Jumapili, 23 Februari

Jambo la pili la Toyota, ingawa nilijiwekea sharti la moja kwa kitabu. Sharti ni langu, nimelivunja.

Mzee Sakichi Toyoda, kabla ya familia kuingia kwenye magari, alitengeneza mashine ya kufuma inayosimama yenyewe uzi ukikatika. Huhitaji mtu wa kuilinda, na haifumi nguo mbovu. Kiwandani wakaja kulifanya hilo kwa watu: kamba iko juu ya mstari wa kazi, mfanyakazi yeyote akiona kasoro anaivuta, msimamizi anakuja, na mstari mzima unaweza kusimamishwa. Kuna kisa cha Fremont, California, nilichokikuta kwenye kitabu kingine. General Motors walifunga kiwanda chao pale mwaka 1982, kilikuwa na sifa mbaya, migomo na utoro. Mwaka 1984 kikafunguliwa tena kwa ubia na Toyota, wakaajiriwa sehemu kubwa ya watu walewale, na magari yakaanza kutoka mazuri. Watu hawakubadilishwa. Walichobadilishiwa ni kwamba sasa wanaruhusiwa kusimamisha kazi.

Nimefunga kengele ya baiskeli kwenye nguzo ya katikati. Nikaeleza: ukiona kosa, la kwako au la mwenzako, gonga, tunasimama, hakuna anayefokewa.

Jumatatu hadi Ijumaa haikugongwa hata mara moja. Kumbe kugonga ni kuchongea. Nani atamgongea mzee kengele? Jana fundi mmoja alikata miguu ya meza, mmoja ukawa mfupi sentimita mbili, na mwenzake akaona. Wakatazamana. Kijana wa msasa, yuleyule wa klampu, ndiye aliyegonga. Nilifika pale mdomo umeshafunguka, neno "mninga unajua bei yake wewe?" liko mbele ya meno. Nikalimeza. Tukakata mitatu iliyobaki, meza imekuwa fupi kidogo, mteja hajui na ameipenda.

Kulimeza lile neno kulinichosha kuliko kuranda wiki nzima ya Januari.

Jumapili, 2 Machi

Leo mfungo wa kwanza. Karakana imetulia, nusu ya watu wamefunga, na chai hatupiki tena kwa heshima yao.

Nimesoma Only the Paranoid Survive cha Andy Grove wa Intel, 1996. Kuna mazungumzo humo ambayo nadhani yana thamani kuliko kitabu kizima. Mwaka 1985 Intel inaishi kwa kutengeneza chipu za kumbukumbu, Wajapani wanaitandika, hasara juu ya hasara. Grove yuko ofisini na bosi wake Gordon Moore, anatazama dirishani bembea kubwa la duara la bustani ya michezo linazunguka kwa mbali, anamuuliza: tukifukuzwa, bodi ikaleta mkuu mpya, atafanya nini? Moore anajibu hapohapo kwamba atatutoa kwenye chipu za kumbukumbu. Grove anamwambia basi kwa nini sisi wenyewe tusitoke mlangoni, turudi ndani, tulifanye.

Nimemuuliza fundi mkuu swali hilohilo. "Shikamoo fundi. Tukifukuzwa leo mimi na wewe, akaja bosi mwingine hapa, ataanza na nini?"

"Marahaba. Ataacha makochi." Hata hakuinua macho kwenye patasi.

Nilimuuliza kwa nini hajawahi kuniambia. Akasema makochi baba yako ndiye aliyeyaanzisha.

Nimepitia kaunta buku. Makochi ndiyo yanayoleta hela nyingi kwa oda moja. Pia kati ya oda 26 zilizochelewa Oktoba mpaka Desemba, 15 ni makochi: sponji inapanda bei, kitambaa alichochagua mteja kinaisha Kariakoo, mshonaji wa kukodi yuko kwa mtu mwingine. Vitu vitatu na hata kimoja hakiko mikononi mwangu. Sijaamua. Mwezi wa Ramadhani kuacha makochi Keko ni kama kuuza maji ukafunga duka saa ya jua kali.

Alhamisi, 13 Machi

Naandika katikati ya wiki kwa hasira.

Vibao vyote sita viko ukutani tangu tarehe 5. Nimekataa wateja wanne. Watatu wamekubali tarehe za baada ya Idi, mmoja amevuka barabara kwa jirani, na jirani amenipungia mkono. Nilistahimili. Jana akaja mtoto wa shangazi: seti ya makochi, posa ya dada yake, lazima kabla ya Idi, na advansi ameshika mkononi zote noti nyekundu. Nilimpokea. Nikakata kibao cha saba.

Fundi mkuu hakusema neno. Alikitundika kibao cha saba, kisha akagonga kengele.

Jumapili, 23 Machi

Kitabu cha tano: The Innovator's Dilemma cha Clayton Christensen, 1997. Sura za diski za kompyuta nilizisoma mara mbili ndipo zikaingia. Diski zilikuwa zinapungua ukubwa, kutoka inchi 14, kwenda 8, kwenda 5.25, kwenda 3.5, na karibu kila hatua kampuni zilizokuwa juu zilizidiwa na wageni. Hazikuzidiwa kwa uvivu. Ziliwasikiliza wateja wao wazuri, na wateja wazuri walisema hatuitaki hiyo ndogo, haitutoshi. Walioitaka hiyo ndogo walikuwa watu wengine, ambao hakuna aliyekuwa anawahesabu.

Jambo la kuchota: nani nimekuwa nikimfukuza kwa upole? Nilimkumbuka mara moja. Wanafunzi wa hosteli. Wanakuja kila Oktoba kuuliza meza ndogo ya kukunja, wanauliza bei, nawaambia hatutengenezi vitu hivyo, nenda kanunue plastiki. Wiki iliyopita tumetengeneza moja kwa mabaki ya mninga na mbao za Mafinga, miguu ya mkasi, juu tumepiga vanishi mkono mmoja tu. Bei 38,000. Haichukui kibao, vijana wa msasa wanaitengeneza wakati gundi ya kazi kubwa inakauka.

Tumeuza tisa kwa siku kumi. Mbili zimerudi, bawaba za bei rahisi zimengʼoka. Kosa langu, niliona bawaba zinapepea nikasema zitashika.

Ila wanunuzi wenyewe sikuwategemea. Mwanafunzi ni mmoja. Sita ni mawakala wa pesa za simu, wale wanaokaa barabarani chini ya mwavuli. Jioni wanakunja meza, wanaiweka begani, wanapanda daladala. Mmoja ameniuliza kama naweza kuiwekea droo yenye kufuli chini yake.

Hapo nimekumbuka M-Pesa yenyewe. Ilipojaribiwa Kenya mwaka 2005 ilikusudiwa watu walipie marejesho ya mikopo midogo kwa simu. Waliojaribu wakaanza kutumiana hela wao kwa wao, na waliokuwa wakisimamia majaribio walikuwa na busara ya kutowakataza. Ilipozinduliwa Machi 2007, kutuma hela nyumbani ndiko kulikotangazwa. Mwaka uliofuata ikaingia kwetu. Kwa hiyo wakala anayeniomba droo ya kufuli namsikiliza.

Jumamosi, 29 Machi

Makochi ya mtoto wa shangazi hayajatoka. Yalitakiwa jana. Kitambaa.

Usiku nimesoma kitabu cha sita, cha Reginald Mengi, I Can, I Must, I Will, 2018. Kipande ninachokipenda ni cha kalamu. Nchi haina bidhaa, kalamu ya wino ni shida, na yeye ni mhasibu mwenye kazi nzuri na heshima zake. Anaanza kuunganisha kalamu nyumbani kwake. Sura za baadaye za utajiri nimezipita haraka, zile zinafanana na za matajiri wote. Lakini mhasibu mkubwa kukaa nyumbani akiingiza mirija ya wino kwenye maganda ya plastiki, hilo naliona kwa macho, na nina hakika siku ya kwanza nyingine zilivuja.

Jumapili, 6 Aprili

Idi imepita. Makochi ya posa yalitoka Jumapili jioni, kesho yake ni sikukuu, siku mbili baada ya ahadi. Shangazi alinipigia simu, nami nilistahili. Kibao cha saba nimekichoma jikoni.

Hesabu, tangu vibao vianze hadi leo: oda 17, zilizotoka kwa tarehe 12. Kati ya tano zilizochelewa, nne ni makochi, ikiwemo ya kibao cha saba. Hela iliyoingia mwezi Machi ni pungufu ya Machi mwaka jana kwa karibu robo, na hilo limeniuma, sitalipamba. Ila mwezi uliopita hakuna advansi ya mtu iliyolipia kazi ya mtu mwingine, isipokuwa siku moja, 40,000 ya thina, nikairudisha Jumatatu.

Makochi: nimemwambia fundi mkuu tutamaliza mawili yaliyopo kisha tusimame mpaka Juni, tuone. Amesema "sawa" kwa sauti ambayo sijaielewa. Vibao vimebaki sita, yeye bado anasema vinne.

Kitu cha mwisho, cha jana. Nilikuwa kwenye simu na mteja wa dressing table, anauliza lini. Vanishi ilikuwa haijapigwa hata mkono wa kwanza. Nikasikia mdomo wangu unasema, "Njoo kesho mchana, dada, bado kidogo tu." Kengele ikalia. Niligeuka. Mpiga vanishi, yule wa kutazama viatu, amesimama kwenye nguzo, brashi mkono mmoja, ananitazama usoni.

Nimempigia tena yule dada. Alhamisi, saa kumi.